Matanga Yaliyolinda Milango

Nilimwambia, "Tungoje kidogo tu, Mama," na kwa siku kumi na moja zilizofuata sikupata usingizi wa maana, kwa sababu sikuweza kukumbuka kama nilikuwa nimemwomba au nimemwamuru. Nililala nikiirudia ile sauti yangu kichwani. Upande huu niliisikia kama ombi. Nikigeuka upande wa pili, niliisikia kama sauti ya mtu mwenye faili mkononi akizungumza na mtu asiye na kitambulisho.

Mwanamke niliyemwambia maneno hayo alikuwa amefiwa na mume wake siku mbili kabla. Kitu nilichotaka angoje ni kumzika.

Inanibidi nieleze nilifikaje mahali pa kumwambia mjane jambo kama hilo, maana hata mimi imenichukua muda kuelewa.

Nilimaliza chuo kikuu hapa Eldoret nikiwa na digrii ya maendeleo ya jamii na woga wa karibu kila kitu. Naogopa kupiga simu. Nikituma ujumbe, nausoma mara tano baada ya kuutuma, wakati hauwezi tena kubadilishwa. Nyumbani Sugoi mama yangu alizoea kusema kwamba nikitumwa mayai kwenye banda la kuku ninarudi na maswali. Kazi haikupatikana, kwa hiyo nikajitolea katika ofisi ndogo iliyosaidia wapangaji, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Aliyeianzisha alipata kazi Nairobi baada ya miezi minne. Aliniachia ufunguo, kabati la faili, na maneno haya: "Wewe endelea tu, nitakuwa napiga simu." Hakupiga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kiongozi.

Ploti ninayoizungumzia iko mtaa wa Huruma, hapa hapa Eldoret. Ilikuwa na vyumba kumi na vinne vya mabati vikitazamana, mfereji mmoja katikati, na lango lililofungwa kwa waya. Karibu wapangaji wote walitoka nje ya nchi. Kulikuwa na Warundi waliotembeza njugu karanga mjini, Waganda, na Wakongomani wawili wa cherehani. Wanawake walifua nguo za watu kwenye mtaa wa matajiri wa Elgon View; wanaume wengi walibeba mawe na zege kwenye mjengo. Kisha ploti ikauzwa, na mwenyewe mpya alitaka kujenga ghorofa. Hakuandika notisi yoyote. Alimtuma keateka, mwangalizi wa ploti, aseme kwa mdomo kwamba mwezi ukiisha milango itang'olewa.

Mtu wa hapa anaelewa maana yake. Hakuna anayekubeba akutupe nje. Fundi anakuja na nyundo, anang'oa mlango wako pamoja na bawaba zake, anauegemeza ukutani, anaenda zake. Hujafukuzwa. Una nyumba isiyo na mlango, na kufikia jioni utakuwa umeondoka mwenyewe. Mkenya akifanyiwa hivyo anaweza kwenda kwa chifu akapige kelele. Wapangaji wangu wangeulizwa kwanza karatasi zao, na mlango usingefikiwa kabisa.

Niliandika malalamiko nikayapeleka kwenye baraza linaloamua kesi za nyumba za kupanga. Karani alikuwa mpole. Alinipa tarehe ya kusikilizwa, Jumanne ya katikati ya mwezi uliofuata.

"Na kabla ya hapo?" nikamuuliza.

"Kabla ya hapo ni maombi," akasema, akachukua faili iliyofuata.

Mwezi ulipokuwa unaisha, siku ya Jumamosi, mume wa mama wa chumba cha tisa alifariki hospitalini. Alikuwa Mrundi mrefu, muuza njugu, na kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua zianze. Jumapili kanisa lao likaleta tenti na viti vya plastiki, vikapangwa uani kati ya mfereji na kamba za nguo. Jumatatu asubuhi keateka akaja na fundi.

Nilikuwepo. Keateka aliingia langoni kwa kasi, akaiona tenti, akasimama. Akavua kofia. Fundi aliyekuwa nyuma yake akaificha nyundo nyuma ya paja.

"Kumbe kuna matanga hapa?" keateka akauliza kwa sauti ya chini.

"Chumba cha tisa," akajibu mama mmoja Mganda, mkaanga chapati, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa wapangaji. "Mzee wa njugu ametuacha. Karibu kiti. Na wewe fundi, kaa. Weka hiyo nyundo chini, yenyewe hainywi chai."

Wakaketi. Wakanywa chai. Keateka akaenda kumshika mjane mkono, akasema, "Pole sana, Mama. Mungu akutie nguvu." Alisema kama mtu anayemaanisha, na nadhani alimaanisha. Fundi naye akampa mkono. Kisha wakaondoka, na milango yote kumi na minne ikabaki pale pale.

Lango lilipofungwa tulitazamana. Hapa kwetu mtu anaweza kukunyang'anya karibu kila kitu, lakini hang'oi mlango penye matanga. Akifanya hivyo hata mke wake atamuuliza kulikoni. Na matanga yetu huendelea mpaka siku ya mazishi. Watu hukusanyika jioni, huimba, huchanga, marehemu yuko mochari wiki moja, mbili, hata tatu. Tukishazika, tenti inashushwa siku hiyo hiyo.

"Kesi ni lini?" mama wa chapati akaniuliza.

"Wiki mbili kutoka kesho."

"Basi mzee atungojee wiki mbili. Yeye hana haraka tena."

Watu wawili walicheka, halafu wakaona aibu. Mimi sikucheka. Lakini pia sikusema hapana. Nilikwenda chumba cha tisa.

Mjane alikuwa ameketi mkekani na miguu yake ameikunja upande mmoja. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na Kiswahili chake alikipata katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kimenyooka kuliko chetu; majirani walimtania kwamba anaongea kama taarifa ya habari. Kabla sijaketi aliniambia kanisa limempatia nafasi kwenye makaburi ya umma, na kwamba atamzika mume wake Jumatano.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilitaja vyumba, watoto, mvua, baraza, tarehe. Nilitoa hata ile fomu yenye muhuri nikamwonyesha, kana kwamba muhuri ulikuwa na la kumwambia. Mwishoni nikasema yale maneno niliyoyataja mwanzo.

Alinirudishia fomu.

"Ninyi mnamweka mtu kwenye baridi, halafu mnaimba," akasema. "Kwetu mtu anazikwa upesi. Akishalala chini ndipo tunakaa, tunaacha kazi, tunalia. Kilio kinaanzia kaburini."

"Najua si desturi yenu, Mama," nikasema. Sikuwa najua. Nilikuwa nimelijua dakika ile ile. Miaka minne chuoni, miezi sita nikiingia na kutoka kwenye vyumba vyao, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaozika kwanza.

"Na majirani wamekubali?"

"Wamekubali."

"Basi mimi ni nani hata nikatae," akasema.

Niliandika kwenye daftari: Mjane amekubali. Nikapiga mstari chini yake.

Matanga yakaendelea. Kila siku saa kumi viti vilipangwa. Waliorudi na ndoo za kufulia waliketi na ndoo zao. Wauza njugu waliweka vikapu chini ya kiti na kuimba. Keateka alipita karibu kila jioni na kuuliza, "Mnazika lini?" Jibu letu lilikuwa moja: tunangojea ndugu kutoka kwao.

"Hao ndugu wanakuja kwa magoti?" akauliza siku moja.

"Kwa magoti na mabegi," mama wa chapati akamjibu. "Kunywa chai, keateka. Tutakuambia wakifika."

Naye alicheka, akanywa. Kama ningekuwa mtu wa kutulia, ningesema mpango wetu ulikuwa unafanya kazi vizuri sana.

Lakini matanga bila mjane hayafanani na matanga, kwa hiyo kila jioni ilibidi aketi katikati ya tenti, kwenye kiti cha mbele, amejifunga leso kichwani. Hakwenda kufua, kwa sababu kwao mwenye msiba hagusi kazi. Na hakulia. Wakenya wa ploti ya jirani, waliokuja kwa nia njema kabisa, walianza kunong'ona. Mmoja aliniuliza kama yeye na mumewe walikuwa wamekosana. Nilimjibu kwamba kila mtu ana namna yake, nikajisikia mwenye busara kwa dakika mbili.

Wiki ya pili nilimsindikiza mochari kupeleka nguo za marehemu. Mhudumu, kijana mwenye adabu aliyevaa gambuti nyeupe za mpira, alifungua kitabu akamuuliza, "Mama, mnachukua lini?"

Mjane akanigeukia mimi.

Sijui alikuwa na maana gani. Huenda aliona tu kwamba mimi ndiye niliyejua tarehe. Nilimwambia mhudumu tutamjulisha. Nilipofika ofisini nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, upande mmoja nikaandika sababu za kungoja, upande wa pili sababu za kuzika. Upande wa kwanza ulijaa. Upande wa pili uliandikwa mstari mmoja tu, na kwa saa nzima nililitazama lile pengo chini yake nikiamini kwamba urefu wa orodha ni hoja.

Nilimpigia mama yangu Sugoi. Nilimweleza yote.

"Na huyo mama mwenyewe anasemaje?" akauliza.

"Amekubali."

"Sijauliza kama amekubali."

Nikamwambia salio linaisha.

Kisha ikaja Alhamisi. Ilibaki siku tano tufike kwenye baraza. Kama saa kumi na moja hivi gari lilisimama nje ya lango, na mwenye ploti mpya akashuka mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Hakuingia. Alisimama na keateka pale kwenye waya, mikono nyuma, akitutazama kama mtu anayepima kitambaa. Nilimwona keateka akimweleza jambo, naye akitikisa kichwa. Wimbo ulikuwa umeisha na hakuna aliyeanzisha mwingine.

Mama wa chapati akainama sikioni mwa mjane. Nilikuwa kiti cha pili, nilisikia kila neno.

"Lia kidogo, Mama. Anaangalia."

Mjane akanitazama. Sikusema kitu. Akauelekeza uso wake langoni, akafungua mdomo, akatoa sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya mtu anayejaribu koo kabla ya kuimba. Ilikatika, akameza mate, akaianza tena juu zaidi, na ile ya pili ikafanana na kilio vya kutosha. Wanawake wengine wakaidaka. Langoni mwenye ploti akainamisha kichwa, akarudi garini.

Gari lilipoondoka watu walishusha pumzi. Mtu mmoja alimpigapiga mjane begani, akamwambia, "Vizuri."

Alisema hivyo kama mwalimu. Vizuri. Nilitoka nje ya lango nikashika waya.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwake bila daftari. Alikuwa anafagia mlangoni.

"Mama, leo sina la kukueleza," nikasema. "Nimekuja kuuliza. Unataka kumzika lini?"

"Na baraza?"

"Usinijibu habari za baraza."

"Na hawa?" Alionyesha vyumba kwa ufagio.

"Na hawa nitaongea nao mimi."

Aliegemeza ufagio ukutani. Nilianza kuunda sentensi nyingine kichwani, nikajizuia.

"Siku ile ungeniuliza hivi," akasema, "ningekuambia Jumatano."

"Na leo?"

"Leo nakuambia kesho."

Niliwaita wapangaji uani kabla hawajatoka kwenda kazini. Nikasema tunazika kesho Jumamosi, na tenti itashuka baada ya mazishi kama kawaida.

"Ngoja, ngoja," mama wa chapati akasema. "Tumzike kimya kimya. Sisi wachache tu. Tenti ibaki mpaka Jumanne. Nani atajua?"

Mjane alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakupandisha sauti. "Nimzike mume wangu kana kwamba nimemwiba?"

Mama wa chapati akanigeukia mimi, na safari hii hakukuwa na mzaha hata katika lile nyabo, 'bibie' la kwao.

"Sikiza, nyabo. Siku nne! Umeshindwa siku nne? Wewe una kwenu. Una Sugoi, una ng'ombe, una kitanda kwa mama yako. Sisi Jumatatu tunaenda wapi?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Nilisema tu, "Tunazika kesho," na mtu mmoja nyuma akaniita wakili bila joho, na wengine wakachukua ndoo na vikapu vyao wakatoka bila kuniaga.

Nitasema hapa kilichotokea baadaye ili nisije nikajificha nyuma ya mazishi. Jumatatu saa mbili asubuhi fundi alirudi. Aling'oa milango kumi na mmoja kabla mvua haijamfukuza. Jumanne baraza lilinisikiliza kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kupiga pasi sketi yangu, likatoa amri ya kumzuia mwenye ploti asiguse nyumba yoyote. Nilikimbia na ile karatasi mpaka Huruma. Iliokoa milango mitatu. Mlango wa chumba cha tisa haukuwa mmojawapo. Mama wa chapati alihamia Langas na hajawahi kupokea simu yangu. Sasa napiga simu, hilo nimejifunza. Mjane anaishi na familia ya mmoja wa wale Wakongomani, watu sita chumba kimoja, na Jumatatu hadi Ijumaa anafua. Kuna siku ninaamini nilifanya sawa. Kuna siku ninahesabu watoto walioloa Jumatatu ile na siamini.

Jumamosi nilitangulia mochari saa moja. Kitabu kilipofunguliwa nilisogea pembeni, mjane akaandika jina lake mwenyewe, polepole, herufi moja moja. Wauza njugu sita walibeba jeneza. Wapangaji walikuja wote. Nilikuwa nimefikiri hawatakuja, na nilipowaona wakiteremka njiani na nguo zao za kanisa, mama wa chapati mbele, nilishindwa kuwatazama. Keateka alikuja pia, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi.

Udongo wa makaburi yale ni mwekundu na siku hiyo ulikuwa mzito kwa maji. Koleo la kwanza lilipoanguka juu ya mbao, mjane alilia. Sitaki kukieleza kilio chake. Nitasema tu kwamba wote tuliokuwa tumeketi naye chini ya tenti siku zile zote tulielewa tulichokuwa tumemwomba aigize siku ile ya Alhamisi, na baadhi ya watu wakatazama chini. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Kwao hawaambii mtu hivyo, na siku hiyo hata sisi hatukusema.

Tuliporudi ploti ilikuwa karibu saa tisa. Mjane aliingia ndani na wanawake wa kwao, wakaketi mkekani, matanga yao yakaanza. Nje tenti ilikuwa bado imesimama. Watu waliizunguka, wakapanga viti kimoja juu ya kingine, wakafanya kila kitu kingine isipokuwa kugusa kamba. Kutoka langoni keateka alikuwa anatazama, simu mkononi.

Nilimngojea mtu mwingine aanze. Kisha nikaacha kungoja. Nilikwenda kwenye kigingi cha karibu na mfereji, nikapiga magoti kwenye matope, nikaanza kufungua. Fundo lilikuwa limelowa, nikatumia meno. Kamba ya kwanza ilipolegea, pembe moja ya tenti ikalala chini. Nikaenda kwenye ya pili. Nilipofika ya tatu niliona viatu vya mama wa chapati. Hakunitazama. Aliinama, akafungua ya nne kwa mkono mmoja kama mtu aliyezoea, akashika ncha yake ya turubai. Mimi nikashika ya kwangu. Tukarudi nyuma, kila mmoja upande wake, mpaka ikanyooka, tukaanza kuikunja.